Pima oili ya giaboksi iliyotoka kabla ya kumimina mpya

Ukibadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki nyumbani, usijaze kwa kufuata ujazo wote ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Kinga ya zamani kwenye beseni safi, iache ipoe kabisa (ya moto hutanuka, vipimo vitakudanganya), kisha imimine kwenye chupa za lita 1 na uhesabu. Zikitoka lita 3 na nusu, rudisha lita 3 na nusu za aina ileile. Nati ya chini hutoa sehemu tu. Oili nyingi hubaki ndani ya toki konveta (kifaa kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili) na mabomba ya kupozea. Ikizidi, gia huipiga mpaka inatoa povu, na povu halishiki presha, ndipo gia zinaanza kuteleza. Mbinu hii inakwama kama giaboksi ilikuwa inavuja, maana utarudisha upungufu uleule. Kwa hiyo hakiki kwa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) au nati ya kupimia, kwenye joto lililotajwa kitabuni. Na tafadhali, legeza nati ya kujazia kabla ya kumwaga chochote: ikigoma baadaye, gari halitoki hapo.