Somo: Kuchaji betri ya gari nyumbani bila kuilipua wala kuiua

Somo hili ni la betri ya maji ya volti 12, ile yenye vifuniko sita juu. Mfano wetu ni N70, betri ya Ah 70 (ampia-saa, kipimo cha umeme inaobeba) inayokaa kwenye pikapu nyingi. Betri zisizoongezwa maji (AGM na jeli) zitaguswa kwenye maswali. Betri ya lithiamu haihusiki kabisa hapa, ina chaja yake.

Wengi wanaogopa kupigwa shoti na betri. Volti 12 kwenye ngozi kavu hata huisikii. Kinachoumiza ni gesi inayotoka wakati wa kuchaji, tindikali iliyomo ndani, na moto, yaani umeme, unaopita spana ikilala juu ya vichwa vyote viwili. Betri ya gari inatoa mamia ya ampia kwa mara moja. Spana inaiva ikawa nyekundu, na pete iliyo kidoleni nayo inaiva hivyohivyo. Vua pete na saa kabla hujagusa chochote.

Gesi ndiyo ya kuielewa vizuri. Betri ikikaribia kujaa, umeme unaoingia hauna tena kazi kubwa ya kufanya kwenye pleti (sahani za madini ya risasi zilizo ndani), unaanza kuyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kwa betri ya volti 12 hali hiyo huanza kwenye volti 14.1 hadi 14.4 hivi. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, inawaka. Haina rangi wala harufu, na mahali inapojaa zaidi ni hapohapo kwenye vifuniko, sentimita chache kutoka unapofunga klempu. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zina shabaha moja: cheche isipigwe karibu na vifuniko.

1. Mahali

Chagua barazani, au kwenye banda lenye matundu juu. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, hupanda, kwa hiyo chumba chenye dari iliyoziba kinaikusanya juu hata kama mlango uko wazi. Chumba cha kulala hapana. Jiko la mkaa, sigara na grenda vikae mbali. Chaja iweke kando kadiri waya zinavyofika, isikae juu ya betri: mvuke wa tindikali unaila, na swichi yake inaweza kupiga cheche palepale kwenye gesi. Ndoo ya maji safi iwe karibu, na magadi yaliyoyeyushwa kwenye kikombe. Miwani na glavu za mpira, na nguo usiyoionea uchungu.

2. Ikague kwanza

Betri iliyopasuka, iliyovimba ubavuni au inayovuja haichajiwi.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa usafishe kwa maji ya magadi na mswaki wa zamani, vifuniko vikiwa vimefungwa. Magadi yakidondokea ndani yatapunguza nguvu ya tindikali, na hayatoki tena. Tundu dogo la kila kifuniko lisiwe limeziba.

Chungulia ndani kwa tochi, si kwa kiberiti. Pleti zinatakiwa zifunikwe na maji. Zikiwa wazi, ongeza maji yaliyotoneshwa (distilled water) mpaka zifunikwe tu, kisha acha. Mengine utaongeza mwishoni, kwa sababu maji hupanda betri ikichajiwa. Ukijaza mwanzoni yatamwagika yakiwa na tindikali. Dukani usiombe "maji ya betri" ukaondoka. Soma chupa, kwa maana wapo wanaoita tindikali na maji yaliyotoneshwa kwa jina hilohilo moja.

3. Pima

Pima volti kwa mita, gari liwe limekaa saa kadhaa bila kuwashwa. Volti 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 nusu; 12.0 robo, chini ya 11.8 haina kitu. Ukikuta 10.5 na baada ya kuchaji inarudi palepale, fikiria seli iliyokufa: betri ina seli sita, kila moja volti 2.1 hivi, na 12.6 ukitoa 2.1 unabaki na 10.5.

4. Panga chaja

Swichi ya volti iwe kwenye 12, si 24. Ampia ni asilimia 10 ya Ah iliyoandikwa kwenye betri. N70 ipewe ampia 7. NS40, ambayo ni Ah 32, ipewe 3. N200 inabeba 20. Kupita hapo unaokoa saa chache na unalipa kwa pleti zinazopinda na kumwaga unga wake chini.

5. Kuunganisha

Chaja iwe haina umeme, plagi imechomolewa ukutani.

Betri ikiwa nje ya gari: klempu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Zitikise kidogo zishike chuma hasa, si kutu. Kisha chomeka plagi, washa.

Betri ikiwa ndani ya gari: ufunguo utoke, boneti ibaki wazi. Nyekundu kwenye chanya. Nyeusi usiipeleke kwenye kichwa cha hasi; ifunge kwenye injini au bolti isiyo na rangi kwenye bodi, mbali na betri na mbali na bomba la mafuta. Sababu ni kwamba klempu ya mwisho ndiyo inayofunga mzunguko, na cheche ikitokea itatokea hapo. Afadhali itokee kwenye chuma cha injini kuliko juu ya kifuniko.

Ukitaka kuitoa betri kwenye gari, legeza hasi kwanza kwa spana namba 10, chanya baadaye. Bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni shoti kamili. Ukishatoa hasi, spana ya chanya ikigusa bodi haina madhara. Wakati wa kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho.

Kuna mazoea mabaya ya kugusisha klempu kwenye kichwa chaja ikiwa inawaka, kuona kama "inakula moto". Mita ipo kwa kazi hiyo. Tena anayefanya hivyo katikati ya kuchaji yuko hatarini kuliko anayefanya mwanzoni, maana gesi tayari imejaa.

6. Wakati inachaji

Hesabu ya muda: N70 iliyobaki nusu inadai Ah 35. Ongeza asilimia 20 ya upotevu, unapata 42. Gawa kwa ampia 7, ni saa 6. Kwa kweli itafika 8 hadi 10, kwa sababu sehemu ya mwisho huingia polepole.

Kila saa weka kiganja ubavuni. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kukiacha kiganja hapo, iko karibu na nyuzi 50. Zima, iache ipoe, endelea kwa ampia chache. Volti za kilele kwa betri ya maji ni 14.4 hadi 14.8, lakini takwimu hizo ni za nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi hapo, punguza volti 0.02 hadi 0.03. Mchana wa Dar wenye nyuzi 33 ni kama volti 0.2 pungufu. Chaja nyingi za bei nafuu hazifanyi hesabu hiyo zenyewe, ndiyo maana kuchaji usiku ukiwepo nyumbani ni bora kuliko mchana wa jua.

Mapovu madogo kwenye seli zote sita mwishoni ni dalili nzuri. Seli moja ikikaa kimya wakati tano zinachemka, hiyo ndiyo mgonjwa. Ukisikia harufu ya yai bovu, betri imezidishiwa na inatoa gesi yenye sumu. Usikimbilie klempu. Zima ukutani, fungua kila kinachofunguka, ondoka, rudi hewa ikishasafika.

7. Kujua imejaa, na kumaliza

Chaja ya otomatiki itashuka yenyewe hadi volti 13.5 au 13.8. Chaja ya transfoma haijui kuacha. Mshale wake wa ampia utashuka kutoka 7 mpaka 1 au 2 na kusimama hapo, lakini umeme utaendelea kuchemsha maji mpaka uzime wewe. Kipimo cha kuaminika ni haidromita, kifaa kinachovuta maji ya seli na kupima uzito wake: seli zote sita zisome 1.265 hadi 1.280, na vipimo viwili vilivyopishana saa moja visibadilike. Seli moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.050, betri hiyo haitakaa muda mrefu.

Kumaliza: zima ukutani, chomoa plagi, ndipo utoe klempu nyeusi, mwisho nyekundu. Betri ikipoa, jaza maji yaliyotoneshwa mpaka chini kidogo ya shingo ya tundu. Suuza juu, kausha. Pima kesho yake, si sasa. Volti inayosomeka mara tu baada ya kuchaji inadanganya.

Tindikali ikiingia jichoni: maji safi yanayotiririka dakika 20, kope zikishikwa wazi, halafu hospitali. Magadi ni ya sakafu na vichwa vya betri, hayaingii jichoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, chaja yangu ya otomatiki inaandika hakuna betri. Nimepima, betri ina volti 3 tu.

Chaja hizo zinataka kuona volti kadhaa kabla hazijaanza, zijihakikishie kwamba kweli kuna betri na klempu hazijageuzwa. Chukua betri nzima ya volti 12, unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa waya za kubusti, kisha funga chaja na uiwashe. Volti zikipanda, baada ya dakika 10 au 15 zima chaja, toa betri ya msaada, washa tena na hii peke yake. Usikae mbali wakati huo. Ila iliyoshuka hadi 3 na kukaa wiki kadhaa mara nyingi pleti zimeshaganda salfati. Ikirudi kwa nusu ya uwezo wake, shukuru.

Shikamoo fundi. Betri imekaa dhaifu, jirani ananiambia niongeze tindikali itaamka.

Marahaba. Usiongeze. Kinachopungua kwenye betri ni maji, tindikali yenyewe haikauki. Betri ikiwa haina moto, tindikali yake imeingia kwenye pleti kama salfati, na kuchaji ndiko kunakoirudisha majini. Ukimimina nyingine, haidromita itasoma vizuri na utadhani imejaa, huku pleti na vitenganishi vikiliwa. Tindikali huongezwa pale tu ilipomwagika, na huwekwa ya kiwango kilekile.

Mimi ni wa bodaboda. Nikipeleka betri kuchajiwa kijiweni inarudi baada ya saa moja ikiwa ya moto sana. Kuna shida?

Ipo. Betri ya pikipiki ni Ah 5, 7 au 9, yaani inataka ampia 0.5 hadi 0.9. Chaja ya gari ikiwa kwenye ampia 10 inaichemsha. Na vijiwe vingi hufunga betri za wateja kwa mstari mmoja, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. Kwa mfungo huo ampia zinazopita ni zilezile kwa wote, kwa hiyo yako ndogo inajaa mapema na kuendelea kupikwa ikisubiri N70 ya mwenzako. Ukimkuta kafunga hivyo, mwambie aitenge. Kama ni ya maji, iangalie pia bomba lake la kupumulia lisibanwe na kiti.

Betri ya sola ya jeli naweza kuichajia hii chaja ya transfoma siku za mvua?

Hapana. Jeli inataka volti 14.1 au 14.2, na ya transfoma inaweza kuzipita hizo bila kujali. Mapovu yakitokea ndani ya jeli huacha mianya isiyoziba, na huwezi kuongeza maji. AGM inavumilia kidogo zaidi, 14.4 hadi 14.7, lakini nayo itafutie chaja yenye swichi ya aina yake.

Nasikia ukiiweka betri kwenye sakafu ya saruji inakwisha moto. Ni kweli?

Betri ya siku hizi ina gamba la plastiki, saruji haiigusi. Inayoisha ikiwa imekaa inaisha yenyewe, na joto huharakisha. Ikikaa bila kazi ichaji kila mwezi. Sababu halali ya kuweka ubao chini yake ni sakafu: tindikali inakula saruji.

Umeme ukikatika katikati ya kuchaji?

Chaja ina diodi, betri hairudishi moto ukutani. Ila zima swichi. Umeme ukirudi saa nane usiku na wewe umelala, ya transfoma itaanza kuchemsha bila msimamizi.

Ikifa kabisa, tindikali naimwaga wapi?

Humwagi. Iuze nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa na maji yake, maana tindikali hiyo imebeba madini ya risasi. Wanaoyeyusha risasi uani wanawalisha watoto vumbi lake. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitia sumu mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ukiisafirisha, isimame wima, vifuniko vimefungwa, na kipande cha mpira juu ya vichwa ili jeki au spana isilale hapo.