Raia kaua, je, nchi ilipe? Namna ya kupima

Pasipoti ya mhalifu isikupotoshe. Mfanyabiashara wa Kampala akimuua mtu Dubai kwa ugomvi wake, Uganda haidaiwi kitu. Swali ni moja: alitenda kwa mkono wa nani?

Anza na kazi yake. Askari, polisi au hakimu akitumia cheo, gwanda au bunduki ya serikali, kitendo ni cha nchi, hata kama alikiuka amri ya mkubwa wake. Utetezi wa "hatukumtuma" huanguka hapa. Desemba 19, 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliibebesha Uganda mauaji, mateso na uporaji wa askari wa UPDF, jeshi la Uganda, huko Kongo (DRC), bila kujali nani aliwaamuru.

Kama si mtumishi wa serikali, kazi ni ngumu zaidi. Pesa na silaha peke yake hazitoshi. Katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani (1986), mahakama ilitaka ithibitishwe kuwa Marekani iliongoza operesheni zenyewe ambamo Contra, waasi wa Nicaragua waliosaidiwa na Marekani, walitenda maovu. Kundi la MLC, waasi wa Kongo wa Jean-Pierre Bemba waliosaidiwa na Uganda, nalo halikuhesabiwa kuwa mkono wa Uganda. Lakini usifunge faili: kuwasaidia waasi wa nchi nyingine ni kosa linalojitegemea, lidai peke yake.

Kisha chunguza serikali ilipojua, ilifanya nini. Novemba 1979 wanafunzi walivamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran. Mwanzoni kosa la Iran lilikuwa kutoulinda. Khomeini, kiongozi wa Iran, alipoubariki utekaji na mateka wakaendelea kushikiliwa, kitendo kikawa cha Iran yenyewe. Na anayekalia ardhi ya mwenzake ana mzigo mzito zaidi: huko Ituri, mashariki mwa Kongo, eneo ambalo Uganda ililikalia, nchi hiyo ilipatikana na kosa la kutowazuia hata wanamgambo wasio wake.

Kabla ya kufungua kesi, hakikisha nchi unayoishtaki imeikubali mamlaka ya mahakama. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda iliishia hapo mwaka 2006, mauaji yenyewe hayakuamuliwa.

Ushahidi ndio unaoangusha wengi, na inauma. Kongo iliidai Uganda zaidi ya dola bilioni 11, ikitaja vifo 180,000 vya raia. Mwaka 2022 ikapewa milioni 325, kwa sababu idadi hiyo haikuthibitishwa. Kwa kila aliyekufa tafuta jina, tarehe, kijiji, cheti cha kifo au daftari la zahanati, na jina la kikosi. Nembo ya begani ichorwe siku ileile, shahidi angali anaikumbuka.