Gitaa la umeme lenye njia sita: namna ya kuunda boksi la kutenganisha nyuzi

Gitaa la umeme la kawaida huchanganya nyuzi zote sita ndani ya pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi), na zikishachanganyika hakuna mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) itakayozitenganisha. Ndiyo maana wapiga solo wa kwaya hapa Dodoma hulalamika kwamba nyuzi nene zinafunika nyembamba, na fundi mitambo hana la kuwasaidia: akipunguza besi, gitaa zima linakonda. Dawa ni pikapu inayosoma kila uzi peke yake.

Wazo hili ni la siku nyingi. Mwaka 1958 kampuni ya Gretsch walitoa gitaa la stereo lililopeleka nyuzi tatu nene upande mmoja na tatu nyembamba upande wa pili. Mwaka 1977 kampuni ya Roland wakaleta pikapu ya nyuzi sita pamoja na sintesaiza yao GR-500. Miaka ya 1980 Mmarekani Steve Ripley akaunda gitaa ambalo kila uzi uliweza kusogezwa kushoto au kulia. Sisi tutatumia pikapu ya Roland GK-3 na boksi la kujitengenezea.

Tafuta GK-3 (hata ya mtumba, na GK-2A inafaa pia), waya wake wa pini 13, soketi ya kuupokea, jeki saba za kike za milimita 6.3, boksi la bati, transfoma ya 12-0-12, dayodi nne, vidhibiti volti LM317 na LM337, vizuizi na kapasita. Vingi kati ya hivyo mafundi redio wanavyo. Soketi ya pini 13 ndiyo ngumu kupatikana, kwa hiyo iagize pamoja na pikapu.

Hatua ya 1: Funga pikapu

Iweke kati ya daraja la gitaa na pikapu ya nyuma, karibu na daraja kadiri inavyowezekana, kila uzi upite juu ya jicho lake (sehemu ya pikapu inayousoma). Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi iliyobaki hadi kwenye pikapu: milimita 1. Usikadirie kwa macho. Uzi ulio mbali hutoa sauti hafifu, ukaongeza geini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia kwenye mikisa), na hapo jicho lake linaanza kusikia uzi wa jirani.

Kiangazi chetu hukausha mbao, shingo ikajipinda na nyuzi zikabadilisha kimo. Nyoosha shingo kwanza, pikapu baadaye, na upime upya mvua zikianza Desemba. Nyuzi ziwe za chuma. Za nailoni hazisomeki.

Hatua ya 2: Tengeneza umeme wa pikapu

GK-3 haina betri. Inataka volti 7 chanya na volti 7 hasi kutoka kwenye boksi. Transfoma ipitie dayodi nne, waya wa katikati uwe ndiyo graundi, halafu kapasita ya 1000 µF ya volti 35 kila upande. Upande chanya weka LM317, upande hasi LM337. Kila moja ifunge na kizuizi cha omu 120 kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha, na cha omu 560 kutoka mguu wa kurekebisha hadi graundi. Utapata volti 7.08. Malizia kwa kapasita ya 10 µF kwenye kila mguu wa kutoa.

Hapa ndipo watu huunguza vifaa. Miguu ya hizi mbili haifanani. Ukiangalia LM317 uso kwa uso, kutoka kushoto ni kurekebisha, kutoa, kuingiza. LM337 ni kurekebisha, kuingiza, kutoa. Bati la mgongoni la kila moja limeungana na mguu wake wa katikati, kwa hiyo mabati hayo yasigusane wala yasiguse boksi.

Transfoma ikae kwenye kasha lake, mbali na boksi la sauti, na iwe na fyuzi upande wa umeme wa nyumbani. Kama hujazoea kushika volti 230, sehemu hiyo mpe fundi umeme. Usione aibu.

Hatua ya 3: Unganisha pini

Pini 1 ni uzi wa kwanza, ule mwembamba, na zinafuatana hadi pini 6, uzi mnene. Pini 7 ni sauti ya pikapu ya kawaida ya gitaa. Kila moja ya pini hizi saba iunganishe na jeki yake. Pini 12 ni volti chanya, 13 ni hasi. Graundi ni ganda la chuma la soketi. Pini 8 hadi 11 ziache.

Namba zimeandikwa kwa maandishi madogo kwenye plastiki na hazijapangwa kama unavyotarajia, basi hakiki kila moja kwa mita kabla ya kulehemu. Kisha washa bila gitaa upime pini 12 na 13 dhidi ya ganda. Zikisoma 7 na −7, chomeka.

Hatua ya 4: Mikisa

Kila jeki iende kwenye chaneli yake, umeme wa 48V wa mikisa (ule wa maikrofoni) ukiwa umezimwa. Piga uzi mmoja mmoja kwa nguvu ileile na usawazishe geini. Sauti itakuwa kali, maana pikapu iko jirani na daraja. Punguza treble kwanza.

Halafu zipange. Uzi wa 6 na wa 5 ziache katikati. Wa 4 na wa 3 zisogeze kidogo, mmoja kushoto, mmoja kulia. Wa 2 na wa 1 zifike nusu ya njia, pande tofauti. Kanisani usizidishe hapo: aliyekaa pembeni husikia spika moja tu, na uzi uliotupwa upande wa pili kwake haupo. Kwenye rekodi ya kusikilizwa kwa hedifoni, sukuma hadi mwisho ukitaka.

Ukiwa na vifaa vya kutosha, tia distoshen (kifaa cha kukwaruza sauti) kwa kila chaneli badala ya gitaa zima. Kodi nzima (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) itanguruma na bado utasikia kila noti, kwa sababu nyuzi hazigongani ndani ya distoshen moja.