Unataka kuchapa karata ama kadi za kusomea? Angalia unene kwanza

Karata zangu za kwanza nilizichapa kwa saiba moja hapa Kondele, Kisumu, nikatumia manila ya 160, zikatoka safi. Jioni tumekaa chini ya balbu tunacheza, hata sijasema niko kadi, yaani nimebaki na moja tu, jamaa wa mbele anaweka esi anaitisha kopa huku anacheka, kumbe ile 7 yangu ya maua anaiona kupitia mgongo. Soda nilinunua mimi.

Hiyo 160 ni gsm, yaani gramu za karatasi ya mita moja kwa mita moja. A4 ya fotokopi huwa 80. Na usikubali tu maneno ya muuzaji, chukua A4 kumi na sita uweke kwa mizani ya jikoni, zikiwa pamoja zinafika karibu mita hiyo moja kwa hivyo gramu utakazosoma ndio gsm yenyewe.

Kadi za kuandika, zile za kurivaizi ama za mwalimu wa PP1 kuonyeshea herufi, 160 mpaka 200 inatosha. Ikizidi hapo printa nyingi ndogo zinakwama. Usichukue ya kung'aa, biro inateleza na wino unakupaka vidole.

Karata sasa ndio kazi. Zile nzuri za dukani ni tabaka mbili na gundi nyeusi katikati, ndio maana mwanga haupiti, na unene ni kama milimita 0.3. Wewe anza na 300 hivi. Inua karatasi dirishani mchana, weka kidole nyuma, ukiona kivuli rudisha. Halafu ipinde kidogo uachilie, ikibaki imejikunja hiyo ni ya jalada la kitabu. Pinda na ule upande mwingine pia, utasikia mmoja ni mlaini kwa sababu nyuzi za karatasi zimelalia huko, sasa ukikata hakikisha karata zote 54 zimefuata mlalo mmoja la sivyo zingine zinajikunja kivyake, na hii hewa ya ziwa ndio inazimaliza kabisa.

Lamineti? Ile ya maikroni 125 pande zote mbili inaongeza robo milimita kwa kila karata, kwa hivyo pakiti ya sentimita moja na nusu inafika tatu, jaribu kuchanganya hiyo na mkono mmoja. Mimi naiachia kadi za watoto, chai ikimwagika unapangusa tu.