Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujachora Maduara ya Venn

Maduara ya Venn ni maduara yanayopishana, kila moja likibeba kundi lake, na pale yanapokutana hukaa walio kwenye makundi yote hayo. Penseli na raba kwanza. Ukichora kwa wino, namba moja ikienda kombo itabidi uchore upya mchoro mzima, na saa haikusubiri.

Maduara yawe makubwa. Wanafunzi ninaowafundisha tuisheni hapa Lamu huchora viduara vya ukubwa wa sarafu, kisha pale yanapokutana hapaingii hata tarakimu moja. Tumia nusu ya ukurasa, karatasi haijaadimika. Yazungushie mstatili, kwa sababu wasioingia kwenye duara lolote nao wamo kwenye hesabu na wanahitaji pa kukaa. Jumla ya wote iandike kwenye pembe ya mstatili mapema, kabla hujaisahau.

Kila duara lipe jina. Herufi moja inatosha, ila angalia: mahamri, mbaazi na muhogo zote zinaanza na M. Hapo andika neno zima.

Sasa lile ambalo nalirudia mpaka wananichoka: jaza kuanzia katikati kwenda nje, na kila ukitoka hatua moja, toa kilichokwisha kuandikwa ndani. Niliwapa swali la kutunga. Nyumba 60 za Langoni zimeulizwa zilipika nini. Mahamri 35, mbaazi 30, muhogo 28. Mahamri na mbaazi 15, mbaazi na muhogo 12, mahamri na muhogo 14. Zilizopika vyote vitatu ni 6. Je, ngapi hazikupika hata kimoja?

Kulikuwa na kijana mmoja, mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote. Akaweka 6 katikati, sawa kabisa. Kisha akazichukua 15, 12 na 14 akazipachika kama zilivyo kwenye zile sehemu za viwili viwili. Akapiga hesabu ya mahamri peke yake, akapata sifuri. Mbaazi peke yake, hasi 3. Muhogo peke yake, hasi 4. Badala ya kusimama ajiulize, akachukua raba akafuta alama za kutoa, zikabaki 3 na 4. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwalimu, hakuna nyumba hasi."

Kweli hakuna. Na ndiyo maana mchoro ukikupa nyumba hasi, unakwambia kuna namba umeiweka pasipo pake. Yeye akajumlisha akapata 54, akajibu kwamba nyumba 6 hazikupika kitu. Karatasi yake ilikuwa safi, inapendeza, na jibu si sahihi. Nilimsahihishia, akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Mtihani wa mwisho wa muhula ukaja na swali la aina hiyo hiyo, akafuta alama za kutoa vilevile, na swali zima likapotea.

Zile nyumba 6 zilizopika vyote zilipika pia mahamri na mbaazi, kwa hiyo zimo tayari ndani ya ile 15. Zitoe, zinabaki 9. Kwa njia hiyo hiyo 12 inakuwa 6, na 14 inakuwa 8. Ukifika kwenye kimoja kimoja utapata mahamri 12, mbaazi 9, muhogo 8. Jumlisha sehemu zote saba: 58. Nje zimebaki nyumba 2. Swali likisema "mahamri na mbaazi tu", hapo ndipo hutoi kitu.

Usipopewa namba ya katikati, usiibahatishe, weka x. Manahodha 40: 24 wanavua, 19 wanavusha abiria kwenda Manda, 5 hawafanyi lolote kati ya hayo. 24 + 19 − x + 5 = 40, basi wanaofanya yote mawili ni 8. Mistari miwili, imekwisha.

Makundi yakiwa manne, achana na maduara. John Venn, yule Mwingereza aliyeieleza michoro hii mwaka 1880, kwa makundi manne alitumia maumbo ya duaradufu. Maduara manne, uyapange utakavyo, hayatoi zaidi ya sehemu 14 ukihesabu na ya nje, nawe unahitaji 16.

Kabla hujaandika jibu, rudi usome swali limeuliza nini hasa. Kwenye zile nyumba za Langoni, waliopika kimoja tu ni 29, angalau kimoja ni 58, viwili kamili ni 23. Wasiozidi viwili ni 54, na hapo zile 2 za nje zimo, msizisahau, maana mnazisahau kila mara. Andika "nyumba" mbele ya namba. Usipige kivuli sehemu ambayo hukuulizwa. Usifute kazi yako ya pembeni. Na rula uje na yako, usiazime ya jirani mtihani umeshaanza.