Ukienda fildi, omba daftari la stoo

Wewe unayesoma uhandisi wa majengo lakini moyo wako uko kwenye usimamizi wa ujenzi: ukipata fildi, usijifungie ofisini na michoro. Omba daftari la stoo, lile la kuandika vifaa vinavyoingia na kutoka. Mimi nililishika kwenye saiti moja Njiro, Arusha, na hapo ndipo michoro ilipoanza kuniingia.

Slabu ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 12. Kwa zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) itakula mifuko kama 78 ya saruji ya kilo 50. Piga hesabu jioni; asubuhi simama kwenye mashine ya zege, uhesabu mifuko mitupu. Ikipungua sana kuliko hesabu yako, msogelee fundi mkuu kwa heshima: "Shikamoo mzee, naomba tuangalie vipimo." Mara nyingi karai la mchanga linajazwa kichuguu, hivyo mchanga unazidi na saruji inapungua.