Supamaketi inapozeeka: jinsi ya kuingia kabla kufuli halijafungwa

Nakuru, Kenya, ni shule ya somo hili. Supamaketi za Nakumatt, Tuskys, Naivas na Quickmart zote zilichipukia mjini humo au Rongai, hapo jirani. Mbili za kwanza zimekufa, na mbili za mwisho zikaingia mahali pake. Nawe unayetaka kufungua duka la kadiri, usingoje mlango ufungwe.

Anza na rafu. Pita mara tatu kwa mwezi, siku ileile na saa ileile. Ingiza mkono nyuma ya pakiti ya kwanza ya sabuni: ukigusa ubao mtupu, mali imepangwa mstari mmoja ili kuficha aibu. Dalili nyingine ni ukuta mzima wa karatasi za choo, huku unga na maziwa havipo.

Kisha nenda lango la nyuma. Ukiona lori la mizigo halishushi mpaka pesa zitumwe, jua mali kauli, yaani mali ya kulipia baadaye, imekwisha. Hao wasambazaji wanatafuta mnunuzi mwingine, na wewe mwenye mtaji mdogo utasikilizwa ukilipa taslimu. Chukua zile bidhaa zinazokosekana tu. Wengi huharibikiwa hapa: hutaka kuuza kila kilichouzwa na supamaketi hiyo nzee, hadi majagi ya plastiki, na pesa zinalala rafuni.

Jengo lina mitego. Kwa Sheria ya Kenya, Sura ya 301, mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, analindwa: lazima apewe notisi ya miezi 2 au zaidi, naye anaweza kwenda mahakama ya upangaji. Ukilipa gudiwili (pesa za kuachiwa nafasi) mapema, utajikuta na risiti bila ufunguo. Dai barua ya mpangaji wa zamani kwamba ameachia nafasi, na ukague deni la umeme kwenye mita.

Mnadani, friza ni rahisi, lakini huenda bado ni dhamana ya benki. Tangu 2017 kuna daftari la dhamana za mali inayohamishika. Tafuta humo kupitia eCitizen kabla ya kulipa. Halafu banisha noti kwenye mlango wa friza na uivute: ikiteleza tu, raba imechoka na umeme utakula faida. Iwashe na chupa ya maji ndani, uiache usiku kucha. Kelele ya mota si ushahidi kwamba inagandisha.

Ukumbi ukiwa mkubwa, usiugombanie. Naivas ilichukua kumbi kadhaa zilizokuwa za Nakumatt, na kodi ya namna hiyo huiwezi. Tafuta kibanda cha kudumu ng'ambo ya barabara, upande wa steji, ambako mtu anayekimbilia matatu ya Njoro hununua mkate na maziwa bila kupanga foleni.